Moto wa Ulimini: Kuifuata Njia ya Kale ya Pilipili

Mwezi Mei mwaka 735, katika monasteri ya Jarrow kaskazini mwa Uingereza, mtawa na mwanahistoria Bede alijua kwamba siku zake zimekwisha. Mwanafunzi wake Cuthbert alizieleza saa zile za mwisho katika barua iliyobaki hadi leo. Mzee aliagiza kisanduku chake kiletwe, akawaita mapadri wa monasteri, akawagawia vile vitu vichache vya thamani alivyokuwa navyo. Vilikuwa vitambaa, ubani na pilipili manga.

Jarrow ni mahali pa ukungu na upepo, karibu na mdomo wa mto Tyne. Mpilipili manga ni mtambaazi unaotaka joto, kivuli na mvua nyingi, na kwa enzi hizo punje zake zilitoka pwani ya Malabar, kusini-magharibi mwa India. Mtu mmoja hakuzibeba njia nzima. Zilipita mikono mingi, kila mkono ukaongeza bei, na katika safari hiyo ndefu zilifuatana na maarifa yaliyokuja kutulia katika neno moja dogo la Kiingereza, neno ambalo wanafunzi wetu hulikuta shuleni na likawatatiza.

Neno lenyewe ni hot. Chai ikiepuliwa jikoni ni hot. Mchuzi uliotiwa pilipili nao ni hot, hata kama umelala kwenye friji tangu jana. Mgeni anayeulizwa mezani kama chakula anakipenda hot hajui ajibu lipi, kipashwe moto au kiongezwe pilipili. Nimewasikia watu wazima, tena wasomi, wakisema hapo Kiingereza kimepungukiwa, kwamba kimeshindwa kuwa na neno kama letu la kali kikaazima la jirani. Mimi naona wanakidhulumu. Waingereza walipoiita pilipili moto, walikuwa wanarudia kauli ya waganga waliowatangulia kwa zaidi ya miaka elfu, na waganga hao hawakukosea sana.

Tuanzie mwisho wa karne ya 16. Mwaka 1597, mtaalamu wa mimea John Gerard alichapisha London kitabu kikubwa cha mitishamba. Humo alieleza pilipili nyekundu, ambayo yeye aliiita pilipili ya Guinea, na akaipa cheo: ni moto na ni kavu, katika daraja la nne. Miaka michache baadaye, katika tamthilia ya Twelfth Night, Shakespeare alimpa mhusika mmoja kauli kuhusu tangawizi, na neno alilolitumia kwa jinsi inavyouma mdomoni ni lilelile, hot. Watazamaji hawakuhitaji kufafanuliwa. Kila aliyewahi kutibiwa homa au gesi ya tumbo alikwisha kusikia kwamba tangawizi ni moto na tango ni baridi.

Daraja la nne alilitoa wapi Gerard? Hapa njia inageuka kusini, ikavuka bahari ya Mediterania na kuingia Afrika. Karne ya 10, katika mji wa Kairouan nchini Tunisia, aliishi tabibu Ibn al-Jazzar. Aliandika kitabu cha dawa zisizochanganywa, akazipanga kwa madaraja ya nguvu zake. Karne iliyofuata, mtu mwingine wa Afrika Kaskazini, ambaye Wazungu walimwita Constantine Mwafrika, alifika Salerno, kusini mwa Italia, akawa mtawa katika monasteri ya Monte Cassino. Huko alikaa akihamisha vitabu vya tiba kutoka Kiarabu kwenda Kilatini. Kitabu cha Ibn al-Jazzar cha madaraja kilikuwa mojawapo. Mapema katika karne hiyohiyo, mnamo mwaka 1025, tabibu Ibn Sina alikuwa amemaliza Al-Qanun fi al-Tibb, kitabu ambacho vyuo vikuu vya Ulaya viliendelea kukifundisha hadi karne ya 17. Gerard alikuwa akichota kwenye kisima hichohicho.

Wote hao walisimama juu ya Galen, Mgiriki wa Pergamon aliyezaliwa mwaka 129 na kuwatibu makaisari wa Roma. Galen alishika mafundisho ya kale kwamba mwili umejengwa kwa majimaji manne na afya ni mizani yake. Kila kitu kiingiacho kinywani ama kinapasha ama kinapoza, ama kinakausha ama kinalainisha, na kila nguvu kati ya hizo ina madaraja manne. Daraja la kwanza huligundui mpaka ufikiri. La nne linaunguza au linaua. Kasumba iliwekwa kwenye baridi ya daraja la nne, kwa kuwa inazimisha hisia. Pilipili manga ilipandishwa madaraja ya juu ya moto. Moto huo haupimwi kwa kugusa chombo, bali kwa kile kinachotokea mwilini baada ya kumeza: jasho, mashavu kuiva, tumbo kufunguka.

Msomaji wa pwani hapa atakuwa amekwisha kutabasamu, maana mafundisho hayo anayajua bila kumsoma Galen. Yalitufikia kwa mlango wetu wenyewe, kwa tiba ambayo Waarabu na Wahindi wanaiita ya Kiyunani, yaani ya Kigiriki. Nyumbani kwetu Tanga nilimkuta shangazi barazani, kinu kidogo kikiwa kati ya magoti, akitwanga pilipili manga za mzazi aliyetoka hospitali juzi yake. Alizitwanga hatua kwa hatua. Kwanza alizipasua tu, punje zikatoa mioyo yao myeupe, kisha akazisaga kwa kuzungusha mchi ukingoni, akigeuza uso pembeni ili asipige chafya. Unga wake haukuwa mweusi kama wa pakiti. Ulikuwa wa kijivu, wenye madoa, na harufu yake ilipanda puani kabla hujainama. Akaumimina kwenye uji mwepesi wa mchele, akatia sukari na kijiko cha samli.

Ndani, mzazi akaita: “Shangazi, mie naomba dafu tu.”

“Dafu! Mwanangu, mwili wako bado uko wazi, unataka kuingiza baridi? Kunywa uji huu kwanza.”

Uji ulikuwa umekwisha kupoa na dafu lenyewe lilikuwa limeshinda juani. Hakuna aliyezungumzia vipimo vya joto. Shangazi alikuwa akisema kile alichosema Constantine kule Monte Cassino, na alikisema kwa uhakika wa mtu aliyewauguza wazazi wengi wakanyanyuka. Wakunga wa siku hizi wana yao ya kusema kuhusu majimaji manne, na wana haki. Ila kwa anayetafuta njia ya kale, uji ule ni ushahidi ulio hai kuliko maktaba nyingi.

Turudi baharini, kwa kuwa kabla ya vitabu ilitangulia bidhaa. Merikebu za Misri ya Kirumi ziliondoka bandari za Bahari ya Shamu, zikangoja upepo na kukata moja kwa moja hadi Muziris, kwenye pwani ya Malabar. Mwongozo wa mabaharia uitwao Periplus wa Bahari ya Erythraea, ulioandikwa karne ya kwanza, unaeleza njia mbili za kutoka Bahari ya Shamu: moja ya kwenda India kununua pilipili manga, nyingine ya kushuka pwani yetu hadi soko la Rhapta. Katika bandari ya Berenike, nchini Misri, wanaakiolojia walichimbua kwenye uwanja wa hekalu la Serapis mtungi mkubwa uliofinyangwa India, ukiwa na takriban kilo 7.5 za pilipili manga. Mchanga mkavu ulizitunza kwa karibu miaka 2,000.

Roma ilizila bila kiasi. Kaisari Domitian alijenga maghala maalumu ya viungo karibu na uwanja mkuu wa jiji. Mwandishi Pliny, katika karne hiyohiyo, alikasirika. Alishangaa kwamba watu wanaagiza kutoka India kitu kisicho na utamu wala sura, ambacho sifa yake pekee ni kuuma. Alitaja na bei kwa ratili moja: pilipili ndefu dinari 15, nyeupe 7, nyeusi 4. Mwaka 408 Alaric, mfalme wa Wavisigothi, alipoizingira Roma, fidia aliyoidai ilikuwa na dhahabu, fedha, kanzu za hariri, na ratili 3,000 za pilipili. Mimi sioni ajabu. Mtu aliyezoea chakula kinachomtoa jasho hawezi tena kurudi kwenye chapwa, na Wavisigothi walikuwa wamekaa na Warumi miaka mingi.

Jina nalo lilisafiri. Wahindi wa kale waliiita pilipili ndefu pippali. Waajemi wakasema pilpil. Wagiriki peperi, Warumi piper, na Waingereza wa zama za Bede pipor. Waarabu, ambao hawana sauti ya p, wakasema filfil. Sisi tukabaki na pilipili, na kwa karne kadhaa jina hilo pwani kwetu halikuweza kuwa la kile kitu chekundu tunachokifikiria leo, kwa kuwa chekundu kilikuwa bado hakijavuka Atlantiki.

Kuvuka kwake kulianzia kwenye kosa. Christopher Columbus alikwenda magharibi akitafuta India na pilipili zake. Tarehe 15 Januari 1493, akiwa kwenye kisiwa cha Hispaniola, aliandika katika kumbukumbu zake habari za ají, ambayo kwa maneno yake ndiyo pilipili ya watu wale, bora kuliko ile ya kawaida, na hakuna anayekula bila hiyo. Akapiga hesabu kwamba merikebu 50 zingeweza kupakia shehena yake kila mwaka. Mmea aliokuwa akiutazama haukuwa na udugu wowote na mpilipili manga. Ni wa ukoo mmoja na nyanya na viazi. Wenyeji wa Amerika walikuwa wameupanda kwa maelfu ya miaka. Nchini Ecuador, chembe za wanga wa pilipili zimepatikana kwenye vyombo na mawe ya kusagia ya miaka ipatayo 6,100 iliyopita. Watu wa Mexico waliiita chilli. Columbus aliionja, ulimi ukaungua, naye akaipa jina la kile alichokuwa amekifuata.

Ulimi ndio uliotoa hukumu hiyo, na dunia nzima ikaikubali. Wahispania waliokuwa wakiita pilipili manga pimienta wakaiita mpya pimiento. Waingereza wakaongeza rangi au mahali mbele ya pepper ileile. Wahindi wa kaskazini wakahamisha jina la mirch kwa mgeni, na ya zamani ikabidi iitwe mirch nyeusi. Mgeni alienea upesi mno hata watu wakasahau alikotoka. Mwaka 1542, mtaalamu wa mimea Leonhart Fuchs alionyesha pilipili nyekundu katika kitabu chake maarufu cha mimea kilichochapishwa Basel, akaiita pilipili ya Calicut, akiamini ni ya India. Ilikuwa haijatimia miaka 50 tangu Columbus arudi. Zaidi ya karne mbili baadaye, mwaka 1776, Nikolaus Jacquin aliipa aina nyingine jina la kisayansi Capsicum chinense, yaani ya China, nayo ni ya Amerika vilevile. Ni ukoo ambao pilipili mbuzi ya masoko yetu imo ndani yake, na jina hilo la kupotosha limebaki vitabuni hadi leo.

Pwani yetu ilikuwa katikati ya mapito haya. Aprili 1498 Vasco da Gama alipata rubani Malindi, na tarehe 20 Mei alikuwa ametia nanga karibu na Calicut. Baada ya hapo merikebu za Wareno ziliunganisha Brazil, Afrika Magharibi, Msumbiji, Mombasa na Goa katika mzunguko mmoja, na mbegu ya pilipili ni nyepesi, haiozi ikikauka, na haitaki matunzo. Ndege waliifanya kazi iliyobaki. Ilipofika, ilifanya hapa kile ilichofanya kwingine: ililitwaa jina. Ya zamani ikapewa ubini wa manga, yaani ya Uarabuni, kwa walioileta, ijapokuwa haikuoteshwa huko. Ukisema pilipili tu leo sokoni Kariakoo au Kongowea, hakuna atakayekupimia punje nyeusi. Aliyekuja karne ya 16 ndiye mwenye nyumba, na aliyekuwepo tangu enzi za jahazi za kwanza anaitwa wa Manga.

Wareno nao waliondoka na kitu. Piri-piri, neno lao la pilipili ndogo kali, wanaisimu wengi hulifuatilia hadi kwenye lugha za upande wetu wa Afrika. Walileta mmea, wakarudi na jina. Leo kuku wa piri-piri anauzwa Lisbon, Johannesburg na London, na wachache wanaomla wanajua kwamba huenda wanatamka neno ambalo bibi zetu walilitumia kwa pilipili manga kabla hata Mreno hajaonekana upeoni.

Hoho ndiyo iliyopatwa na jambo la ajabu kuliko zote. Kamusi za mwanzoni mwa karne ya 20 zinaeleza pilipili hoho kuwa ile nyekundu kali. Mwanamke wa Dar es Salaam anayenunua hoho leo anataka lile tunda nene la kijani lisilowasha kabisa, la kukatia kwenye mchuzi au rosti. Jina limebaki, moto umetoka. Waliobeba ukali wamepewa majina mengine, na kichaa kwa maoni yangu ndilo lililopewa kwa haki zaidi.

Wakati majina yakizunguka, wanakemia walikuwa wakiutafuta moto wenyewe. Mwaka 1816 Mjerumani Christian Friedrich Bucholz alikamua kutoka kwenye pilipili kitu kilichobeba ukali wake wote. Mwaka 1876 Mwingereza John Clough Thresh alikisafisha zaidi na kukiita kapsaisini. Mwaka 1912, katika kampuni ya dawa ya Parke-Davis mjini Detroit, Wilbur Scoville alibuni kipimo: alizimua dondoo la pilipili kwa maji ya sukari, akawapa waonjaji, akaendelea kuzimua mpaka wengi wao wasihisi tena kuwashwa. Kwa kipimo hicho hoho ni sifuri, na pilipili za ukoo wa pilipili mbuzi zinaweza kupita 100,000.

Bado swali lilibaki: mbona kitu kisicho na joto kinaunguza? Jibu lilipatikana mwaka 1997 katika Chuo Kikuu cha California, San Francisco. David Julius na wenzake waligundua protini iliyo kwenye ncha za mishipa ya fahamu ambayo hufunguka inapokutana na kapsaisini. Walipojaribu kuipasha joto, ikafunguka pia, kuanzia karibu nyuzi 43 za Selsiasi, kiwango ambacho joto huanza kuuma. Ni mlango mmoja. Kaa la moto na pilipili kichaa wanaupiga hodi uleule, na ubongo hauna njia ya kujua nani kaja. Ndiyo maana mtu hutokwa na jasho akila pilipili: mwili unajipoza kutokana na moto usiokuwepo. Piperini ya pilipili manga nayo inaufungua mlango huohuo, ingawa kwa nguvu ndogo. Miaka mitano baadaye Julius, na kwa upande wake Ardem Patapoutian, walionyesha kwamba mnanaa nao unafungua mlango wa baridi. Mwaka 2021 wawili hao walipewa Tuzo ya Nobel. Ndege, ambao mlango wao haujali kapsaisini, humeza pilipili bila kusumbuka na kuzisambaza mbegu, na ndio waliozipeleka kwenye vichaka vyetu.

Galen hakujua protini wala mishipa hiyo. Alikuwa na ulimi na wagonjwa, na kwa hivyo viwili alisema pilipili ni moto. Kiingereza kikashika kauli yake. Na Kiswahili? Tunasema pilipili ni kali, tukiiweka fungu moja na wembe, jua la mchana na ndimu. Lakini tukitaka kusema inachokifanya, tunasema inawasha, kitenzi kilekile cha kuwasha taa na jiko. Mzee aliyemwonya kijana kwamba pilipili usiyoila haikuwashi alikuwa ameshautaja moto kabla maabara ya San Francisco haijajengwa.

Siku hizi Kiingereza kinajaribu kujiondolea utata. Wengi, hasa vijana, wameacha hot mezani wakasema spicy. Neno hilo limetoka kwenye Kilatini, species, ambalo kwa wafanyabiashara wa kale lilikuja kuwa bidhaa za aina aina, viungo vikiwemo. Kwa masikio yangu mabadiliko haya yameleta hasara. Viungo na ukali ni mambo mawili, na mtu wa pwani anajua tofauti yake tangu utotoni. Pilau imejaa viungo: iliki, mdalasini, karafuu, bizari nyembamba, pilipili manga. Mtoto mdogo anaila bila kulia. Pilipili mbichi huja pembeni, imekatwakatwa kwenye kachumbari, kwa anayeitaka. Mgeni akiambiwa kwamba sinia hilo ni spicy, ataomba maji kabla hajatia tonge mdomoni. Angeambiwa na tabibu wa Salerno kwamba ni hot, angeambiwa kweli, kwa kuwa karafuu, mdalasini na iliki vyote vilihesabiwa miongoni mwa vya moto katika vitabu vya madaraja, na ndivyo shangazi anavyovihesabu anapochagua cha kumtilia mzazi kwenye chai.